Pete ya Ushahidi

Jumatano, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane, saa nne na robo asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika. Fundi Geti hakuwahi kuitaja siku hiyo bila saa yake, maana saa ilikuwa ukutani, juu ya dirisha la mapokezi ya hospitali, na chini yake alisimama yeye na karatasi inayotaka muhuri. Mkewe alikuwa wodini, amevimba mikono na miguu kama unga uliotiwa hamira. Ili apelekwe chumba cha upasuaji ilitakiwa sahihi ya daktari mkuu, na daktari mkuu alikuwa kwenye kikao. Kikao cha nini? Hakuna aliyejua. Wakubwa wakiwa kwenye kikao kila mtu hupanga foleni. Kifo peke yake ndicho kisichopanga.

Akapigwa danadana, dirisha hili mpaka lile. Aliporudi na muhuri wake, kitanda kilikuwa kitupu. Nesi mmoja, ambaye hata sura yake hakuishika, alimpa bahasha ndogo ya kaki. Ndani mlikuwa na pete ya ndoa ya mkewe, imekatwa. Saa nane mchana wakamwita pembeni wakamwambia apige moyo konde.

Miaka tisa ilipita tangu siku hiyo, na Fundi Geti hakuupiga moyo konde hata mara moja. Alipiga vyuma. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na nondo za madirisha, na mtaa mzima ulikuwa umefungwa kwa mikono yake. Shule aliishia darasa la nne, kwa hiyo barua za malalamiko aliandikiwa na jirani, yeye akisimama nyuma ya kiti na kuhimiza: "Weka hapo kwamba walimkata mke wangu pete kwa koleo, kama mtu anayekata waya wa banda la kuku. Umeweka? Weka na kikao." Barua kumi na moja zilikwenda hospitali. Ilijibiwa moja, kwa mstari mmoja: mlalamikaji alete ushahidi.

Basi pete ikawa ushahidi. Ilikaa ndani ya bahasha yake, bahasha ndani ya mfuko wa shati upande wa kushoto, na hakuna aliyeruhusiwa kuitoa, hata yeye mwenyewe. "Ushahidi haushikwishikwi," alikuwa akisema. Pale mapokezi walishamzoea, wakampa na jina: Mzee Ushahidi.

Sasa kijana wake wa pekee, ambaye alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu, alikuja karakana siku ya Jumanne na kusimama mlangoni bila kuingia. Fundi Geti alizima mtambo, akanyanyua miwani yake nyeusi.

"Umevunja simu ya nani?"

"Sijavunja kitu, baba. Nataka kumvisha Mwalimu pete ya uchumba."

"Mvishe. Nani kakuzuia?"

"Jumamosi asubuhi anaondoka. Amehamishiwa shule ya mbali, huko hata mtandao wa simu haushiki vizuri. Akiondoka bila pete, wazee wake wataona mimi ni mtu wa maneno tu. Mjomba wake keshamtafutia mtu mwingine."

"Nani kamhamisha?"

"Wakubwa."

"Nilijua! Nilijua tu!" Fundi Geti aliitupa glavu mezani. Alifurahi kidogo, kama mtu aliyeletewa habari ya adui yake.

Kijana akaingia hatua moja. "Naomba ile ya mama."

Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wenye gurudumu linalolia.

"Ile ni ushahidi," baba alisema.

"Wa kesi gani? Baba, hakuna kesi. Kuna bahasha."

"Ili ivaliwe lazima iungwe kwa moto. Nikiichoma moto nimewasamehe. Unataka niwasamehe?"

"Nataka kuoa."

Mzee aliichukua tena glavu yake mezani. Alisema watakwenda dukani Alhamisi, watanunua mpya, na atachangia kwa malipo ya geti la msikiti aliyokuwa ametoka kupokea. Na ukubwa wa kidole, je, anaujua? Kijana alitabasamu kwa mara ya kwanza, akatoa mfukoni nati ya chuma.

"Namba ishirini. Nilijifanya namchezea, nikamvisha moja moja kutoka kwenye kopo lako. Kumi na nane ilikwama kwenye kifundo, hii ikapita kwa taabu kidogo halafu ikakaa. Alicheka mpaka akalia."

"Kweli wewe ni mwanangu," alisema Fundi Geti.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana walifika duka la vito la barabara kubwa. Fundi Geti alikuwa amepita mbele ya duka lile miaka mingi, akiangalia nondo za madirisha ya duka tu, ambazo zilichomelewa ovyo. Ndani hakuwahi kuingia. Mlango ulifunguka wenyewe, ubaridi ukawapokea, na miguu yake ikasimama. Taa ndogondogo zilikuwa zimewashwa ndani ya makabati ya kioo, na kila taa ina pete zake za kulinda, mistari na mistari, juu ya kitambaa cheusi. Alijikuta amevua kofia. Hakujua kwa nini, maana hakukuwa na mkubwa yeyote mle ndani.

"Karibuni, mzee wangu. Mnatafuta nini?" aliuliza muuzaji, dada mmoja mwenye sauti ya upole na kucha fupi.

Kijana aliiweka nati juu ya kioo. "Pete ya ukubwa huu."

Dada aliitazama nati, akamtazama kijana, akatazama nati tena. "Huyu mchumba ni trekta?"

Walicheka wote watatu, hata mlinzi mlangoni akageuza uso. Lakini dada hakuitupa nati. Alileta kijiti cha chuma, chembamba juu na kinene chini, kimechorwa mistari, akaitelezesha nati mpaka ikakwama yenyewe. "Mmepima vizuri kuliko wenye uzi," alisema. "Watu wanafunga uzi kidole kikiwa kimelala, uzi unavutika, pete inakuja kubwa, harusi haijafika imeshaangukia kwenye beseni. Mlimpima saa ngapi?"

"Alasiri."

"Vizuri zaidi. Asubuhi kidole kinakuwa kimesinyaa."

Akawafundisha mambo mengine bila kuombwa. Popote mtakaponunua, geuzeni pete mtafute alama ndani, ile namba inayosema dhahabu ni kiasi gani na mchanganyiko kiasi gani. Ipimwe uzito mbele ya macho yenu, isichukuliwe nyuma ya pazia. Jiwe likishikwa na miguu mirefu litakamata sweta na nywele za watoto. Mwalimu huyo anaandika ubaoni? Basi atafutiwe iliyolala, isiyo na kilemba. Fundi Geti alisikiliza kinywa wazi. Alidhani maduka haya ni ya wezi, na huenda ni kweli, ila mwizi huyu alijua kazi yake.

Aliwekewa pete moja kiganjani. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyotarajia, na ndani ya jiwe lake kulikuwa na kitu kama cheche ya kuchomelea, ila cheche hii ilikuwa imekubali kukaa. Maisha yake yote alikuwa amezitazama cheche kupitia kioo cheusi. Hii aliitazama kwa macho matupu, haikumuumiza.

"Chukua hii," alimwambia kijana.

Kijana alikwisha soma kikaratasi cha bei na uso ulikuwa umembadilika, lakini hakutaja bei. "Ni nzuri, baba. Zote nzuri. Ila nikizitazama naona hazimjui mtu. Nitamwambia nini Mwalimu? Nimeikuta kabatini?"

"Na ile nyingine utamwambia nini? Kwamba ilikatwa na koleo?"

Dada muuzaji alikuwa na masikio. "Mna dhahabu ya zamani?" Aliangalia ofisi ya bosi wake, mlango umefungwa, akashusha sauti. "Nyuma ya jengo hili kuna Mama Sonara. Hata baadhi ya hizi ni kazi ya mikono yake. Mkisema nimewatuma mimi nitakana."

Karakana ya Mama Sonara ilikuwa chumba kimoja, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Meza yake ilikuwa imekatwa nusu duara mbele, naye amekaa ndani ya ule mkato, amejitandikia ngozi mapajani ili vumbi la dhahabu lisipotee sakafuni. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, miwani juu ya paji la uso, na mbele yake moto mdogo wa gesi. Fundi Geti aliutazama ule moto. Ulikuwa mwembamba kama sindano, wa buluu, wala haupigi kelele. Wa kwake unanguruma kama lori mlimani.

"Unachomelea na huo?"

"Miaka thelathini, kaka. Na wewe unachomelea nini?"

"Mageti."

"Basi sisi ni ndugu. Wewe unafungia watu nje, mimi nawafungia ndani." Akacheka peke yake, mabega yakitikisika. "Leta nione."

Mkono wa Fundi Geti ulikwenda mfukoni ukakaa humo. "Uitazame tu. Moto hapana. Ni ushahidi wangu."

"Mama yangu alikufa hospitali," kijana alieleza. "Waliikata kidoleni."

Mama Sonara aliacha kucheka. Alijifuta mikono, akashusha miwani, akatandika kitambaa cheupe mezani, akangoja. Bahasha ilifunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Pete ilianguka juu ya kitambaa bila sauti.

Aliishika kwa kibano, akaweka kioo cha kukuza jichoni, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Mara anaigeuza, mara anasogeza taa. Fundi Geti, ambaye alizoea kuona wakubwa wakisaini karatasi bila kuzisoma, hakuwahi kuona mtu akisoma kitu kidogo hivi kwa muda mrefu hivi.

"Marehemu alikuwa anashona?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Baba na mwana walitazamana. "Cherehani ya mkono," alisema Fundi Geti. "Umejuaje?"

"Upande wa kiganjani imelika, bapa kabisa. Alikuwa anazungusha kitu cha chuma, kila siku, miaka na miaka." Akageuza tena. "Na hii pete imepanuliwa."

"Haijapanuliwa. Niliinunua mimi, najua."

"Kaka, imepanuliwa. Ilifunguliwa, kikatiwa kipande hapa, kama punje ya mchele, ikaungwa pande mbili. Rangi ya kipande ni nyekundu zaidi kidogo. Labda baada ya kuzaa, vidole vilinenepa. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Fundi Geti aliona aibu ya ajabu, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba asichokijua. Alikumbuka mwaka aliozaliwa kijana, jinsi alivyokuwa akigomba kwa kila senti. Mkewe alikwenda kwa sonara fulani, kimyakimya, akalipa kwa pesa ya vitambaa alivyoshona, akarudi nyumbani akapika.

"Sasa njoo uone mahali ilipokatwa. Wewe ni mtu wa chuma, sitakufundisha."

"Sitaki kuona. Najua. Koleo."

"Umeiangalia?"

Mtu huyu, ambaye akionyeshwa kipande cha nondo barabarani anakuambia kilikatwa kwa msumeno au kwa gesi, na aliyekata alikuwa amechoka au mlevi, kwa miaka tisa hakuwahi kuutazama mkato mmoja uliokuwa juu ya moyo wake. Alikaa kwenye kigoda, akashika kioo cha kukuza, akainama.

Mwanzoni aliona ukungu wa manjano. Kisha ukungu ukatulia, ukawa ukuta mkubwa wa dhahabu umesimama mbele yake, mkubwa kuliko geti lolote alilowahi kutengeneza.

Koleo hubana. Koleo huacha midomo miwili iliyopondeka, kama mtu aliyepigwa ngumi. Midomo ya hapa ilikuwa wima. Ilikuwa na mistari myembamba mamia kwa mamia, na yote imelala upande mmoja.

"Hii ni tupa," alisema.

"Tupa ndogo sana. Mimi nadhani ni ile ya kukatia shingo za vichupa vya dawa ya sindano. Hospitali wanazo. Si kitu cha kukatia pete hata kidogo."

"Amesugua kuelekea nje tu. Harudishi."

"Ili isiruke ikamchubua. Na ona pale chini, kwenye kona."

Kwenye kona, umenaswa ndani ya ukingo wa dhahabu, kulikuwa na uzi mmoja mweupe.

"Bendeji," alisema Mama Sonara. "Alipitisha bendeji chini ya pete, ngozi isiguswe. Kidole kimevimba, nafasi hakuna, sijui aliipitishaje. Mimi nisingeweza."

Fundi Geti hakuinua kichwa. "Kwa tupa ile, inachukua muda gani?"

"Nusu saa. Labda na zaidi."

"Nusu saa!" Hasira ilimrudia, akaipokea kama shuka yake ya siku zote. "Nusu saa wanakata pete! Kwa nini wasitibu?"

"Daktari alikuwa wapi?"

"Kwenye kikao."

"Basi huyu hakuwa daktari, kaka. Huyu alikuwa hana ruhusa ya kutibu. Alikuwa anangoja, kama wewe." Mama Sonara aliondoa miwani. "Lakini kuna jambo hulioni bado. Mkato umepita wapi?"

Aliangalia. Upande mmoja wa mkato dhahabu ilikuwa ya manjano. Upande wa pili ilikuwa nyekundu kidogo.

"Umepita kwenye kiungo," alisema polepole.

"Juu yake kabisa. Hajagusa pete yenyewe. Amefungua pale palepale palipofunguliwa zamani, ili mtu wa baada yake aweze kuunga bila kovu. Mimi kiungo hicho nimekitafuta kwa kioo na taa. Wewe mume hukujua kipo. Yule wodini, bila kioo, alijuaje?"

Kijana ndiye aliyesema, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto. "Mama alimwonyesha."

Moto wa buluu ulikuwa unapumua mezani. Miaka yote Fundi Geti alikuwa amemwona mkewe kitandani peke yake, akitazama mlango, mikono ya haraka ikimshika bila kumwuliza. Sasa kwenye picha hiyo kulikuwa na mtu amekaa kando ya kitanda, ameinama juu ya mkono uliovimba, na mkewe anamwelekeza: hapana, si hapo, sogea kidogo, hapo. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta ule ule, chini ya saa, anatafuta muhuri.

"Nikitoa hiki kipande kilichoongezwa," Mama Sonara alisema taratibu, "itarudi ukubwa wa siku uliyoinunua. Leteni hiyo nati yenu." Aliitelezesha nati kwenye kijiti, akasoma mstari, akapima na pete. "Na itamtosha huyo Mwalimu. Lakini neno ni lako, kaka. Nikiunga, ushahidi hakuna."

Kijana hakuomba. Alitazama sakafu tu, Jumamosi yake yote ikiwa mikononi mwa baba yake.

"Kikao sijakisamehe," alisema Fundi Geti. "Naomba ieleweke. Sijakisamehe, na aliyekiitisha sijamsamehe, hata akifa nitakwenda msibani nikiwa sijamsamehe."

"Imeeleweka."

"Ila pete haikuwa na ugomvi na mtu. Unga."

Mama Sonara aliutoa ule uzi wa bendeji kwa kibano, akakikata kipande chekundu kwenye kiungo cha pili, akaviweka vyote kwenye karatasi, akamsogezea. Akaipaka pete unga mweupe uliolowekwa, akaweka chembe ya lehemu ndogo kuliko tone la jasho, akavuta moto. Fundi Geti alikuwa ameunganisha vyuma maelfu, na kila mara chuma kilipigana naye. Hapa dhahabu iliona haya, ikawa nyekundu, halafu kwa pumzi moja ile chembe ikakimbia ndani ya ufa kama maji yanayorudi nyumbani. Ufa ukawa haupo. Aliutafuta kwa kioo cha kukuza, yeye fundi, mara tatu, asiuone.

"Subhana," alinong'ona. Kijana alikuwa analia waziwazi, wala hakutaniwa.

Ijumaa jioni Mwalimu aliivaa mbele ya wazee wake, na mjomba akakosa la kusema. Jumamosi asubuhi kwenye kituo cha mabasi Mwalimu alimpa Fundi Geti mkono kumuaga.

"Baba, inabana kidogo kwenye kifundo, halafu inakaa."

"Ndivyo inavyotakiwa. Isiyobana inaondoka."

"Hiyo umeijulia wapi?"

"Kwa sonara. Kasome vizuri huko."

"Baba, mimi ndiye nafundisha!"

"Basi kafundishe vizuri. Na wakikuita kwenye kikao usikae sana."

Jumatatu, saa tatu asubuhi, alisimama tena chini ya ile saa ya mapokezi. Karani wa dirishani alimwona kwa mbali, akaweka kalamu chini.

"Mzee Ushahidi! Barua ya kumi na mbili?"

"Sina barua."

"Na ushahidi wako?"

"Nimeuozesha Ijumaa."

Karani alicheka, kisha akaona mzee hacheki. "Sasa nikusaidie nini, mzee wangu?"

"Kitabu cha zamu. Jumatano ile. Wodi ya wanawake, asubuhi. Kuna mtu alikaa na mke wangu na tupa ya vichupa, nusu saa au zaidi. Nataka jina lake."

"Mzee, miaka tisa! Wengine wamehama, wengine wamestaafu, wengine…" Hakumalizia. Alimwinamia kwenye tundu la kioo. "Unataka kumshtaki?"

"Nataka kumwuliza."

"Kumwuliza nini?"

Fundi Geti alivua kofia. Nyuma yake foleni ilikuwa inaguna.

"Mke wangu alikuwa muongeaji," alisema. "Hawezi kukaa nusu saa na mtu bila kuongea. Nataka aniambie, muda wote ule, alikuwa anasema nini?"